Pasipo na barabara, ndege ni ya nani?

Kaskazini mwa jimbo la Quebec nchini Kanada, juu ya latitudo ya 55, kuna eneo liitwalo Nunavik. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 500,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Tanzania, lakini wakazi wake wote hawafiki 15,000. Wengi wao ni Wainuit, na wanaishi katika vijiji 14 vilivyotawanyika kandokando ya ghuba na mito mikubwa. Hakuna barabara inayotoka kijiji kimoja hadi kingine, wala hakuna inayokwenda kusini. Meli za mizigo hufika miezi michache tu ya kiangazi, barafu ikishaachia bahari, zikishusha saruji, magari, samani na mafuta ya kutosha mwaka mzima. Zikiondoka, kila kitu kinategemea anga: maziwa, dawa, barua, mwalimu anayerudi kazini, hakimu anayekuja kusikiliza kesi, mgonjwa anayepelekwa Montréal na maiti inayorudishwa nyumbani kuzikwa.

Shirika linalobeba sehemu kubwa ya mzigo huo ni Air Inuit. Ni dogo ukilipima kwa mizani ya biashara ya kimataifa, na wasafiri wengi duniani hawajapata kulisikia. Hata hivyo, historia yake na ya jamaa zake wa kaskazini imebeba swali ambalo nchi nyingi hazijalijibu vizuri: mahali ambapo ndege si anasa wala chaguo, bali ndiyo njia pekee ya kufika, nani aimiliki, nani ailipie, na mwananchi akalalamike kwa nani inaposhindikana?

Yapo majibu matatu makubwa yaliyojaribiwa katika nchi za kaskazini. La kwanza ni kwamba wenyeji wenyewe wawe wenye ndege. La pili, serikali inunue safari kwa niaba ya wananchi. La tatu, soko liachiwe lifanye kazi, serikali ikiweka mkono wake kwa mbali. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu ndilo linalosifiwa sana na kuchunguzwa kidogo.

Air Inuit ilizaliwa katika mgogoro wa ardhi. Mwaka 1971, waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, alitangaza mradi mkubwa wa kuzalisha umeme kwenye mito inayomwaga maji yake katika ghuba ya James. Wacree na Wainuit, waliokuwa wakiwinda na kuvua katika nchi hiyo kwa vizazi visivyohesabika, hawakuulizwa. Wakaenda mahakamani. Novemba 1973, Jaji Albert Malouf aliamuru ujenzi usimame. Amri hiyo ilitenguliwa baada ya siku chache tu, lakini ilitosha kuifanya serikali ikae mezani. Mkataba ulitiwa saini tarehe 11 Novemba 1975, na fidia ya jumla ya dola za Kanada milioni 225 ikagawanywa baina ya jamii hizo mbili. Upande wa Wainuit, fedha zilikabidhiwa shirika lililoanzishwa mwaka 1978 kwa jina la Makivik, ambalo kila Muinuit wa Nunavik aliyeandikishwa chini ya mkataba ni mwanachama wake.

Mwaka huohuo wa 1978 Makivik ilianzisha Air Inuit. Ilianza na ndege ndogo aina ya Beaver, yenye injini moja, inayoweza kutua majini au juu ya theluji. Tuutazame uamuzi huo kwa makini. Watu waliopokea fidia ya mito yao waliichukua sehemu ya fedha hiyo wakanunua njia ya kutembeleana. Wangeweza kuiweka benki kusini na kula faida yake. Waliona kwamba shirika la watu wa mbali litaruka pale linapopata faida na kuacha pale lisipoipata, na kwamba kijiji chenye watu 200 kama Aupaluk hakitakuwa na faida hata siku moja.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Si Wainuit wote walioukubali mkataba ule. Puvirnituq na Ivujivik zilikataa kusaini, zikisema kwamba haki ya ardhi haiuzwi. Hoja yao ilikuwa nzito na bado ina wafuasi. Lakini leo ndege inayotua Ivujivik, kijiji cha kaskazini kuliko vyote Quebec, kilomita zipatazo 1,900 kutoka Montréal, ni ya shirika lililozaliwa na fedha ya mkataba ambao kijiji hicho kiliukataa. Umiliki wa wenyeji, basi, haumaanishi kwamba wenyeji wote walikuwa na sauti moja tangu mwanzo.

Kabla ya kuhukumu nauli, inafaa kuelewa kazi yenyewe. Ndege inayotumika sana ni Dash 8-300 ya pangaboi, iliyotengenezwa na kampuni ya De Havilland ya hukohuko Kanada. Msomaji aliyepanda ndege ya Air Tanzania kwenda Dodoma, au ya Jambojet kutoka Nairobi kwenda Lamu, amewahi kukaa ndani ya ndugu yake mkubwa, Q400. Tofauti inaonekana ukiingia ndani. Katika nyingi za ndege hizi za kaskazini, sehemu ya mbele si ya abiria. Kuna ukuta unaohamishika, na mbele yake shehena imefungwa kwa nyavu: katoni za mayai na matunda, vipuri vya pikipiki za theluji, masanduku ya dawa yasiyotakiwa kugandishwa. Abiria hukaa nyuma ya ukuta huo, pengine ishirini, pengine kumi. Mizigo ikizidi, viti vinang'olewa na ukuta unarudishwa nyuma. Watu wakizidi, ukuta unasogezwa mbele. Kwenye mizigo ya wenyeji utakuta makasha ya plastiki yaliyozungushiwa utepe wa gundi, jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu nzito, ndani mna samaki au nyama ya karibuu anayotumiwa ndugu wa kijiji kingine.

Kisha kuna sakafu ya dunia yenyewe. Kuujjuaq, mji mkuu wa Nunavik, una njia ya kurukia yenye lami, urithi wa kituo kilichojengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vijiji vingi vingine vina njia fupi za changarawe. Changarawe hutafuna pangaboi na kupasua matumbo ya ndege. Boeing 737-200, ndege kubwa iliyohudumia Aktiki kwa miongo mingi, iliweza kutua juu yake kwa sababu Boeing iliitengenezea vifaa maalumu: bamba nyuma ya gurudumu la mbele la kuzuia mawe, na mirija chini ya injini ya kupuliza hewa ili kokoto zisinyonywe ndani. Utengenezaji wa 737-200 ulikoma mwaka 1988. Matoleo mapya yana injini kubwa zinazoning'inia karibu mno na ardhi, na hayana vifaa hivyo. Kwa hiyo ndege za zamani zinapostaafu, jumuiya ya kaskazini inabaki na mambo mawili ya kuchagua: kuweka lami kwenye njia zake, jambo linalogharimu fedha nyingi sana katika ardhi iliyoganda, au kurudi kwenye ndege ndogo zaidi. Uamuzi uliofanywa na wahandisi walioifikiria Marekani na Ulaya unampandishia bei mnunuzi wa ndizi katika ghuba ya Hudson.

Ongeza hapo mizigo inayokwenda upande mmoja. Ndege hupanda kaskazini imejaa na kurudi kusini karibu tupu. Ukungu ukishuka, inaweza kuzunguka juu ya kijiji isione chini, ikarudi ilikotoka, na safari hiyo imelipiwa mafuta mara mbili bila kufikisha kitu. Mahanga lazima yapashwe joto. Marubani wengi hutoka kusini, hujikusanyia saa za kuruka, kisha huondoka kwenda mashirika makubwa, na mafunzo huanza upya.

Kwa mtazamo huo, sidhani kuna anayeweza kusema kwa haki kwamba nauli kubwa za kaskazini ni ulafi mtupu. Lakini pia haitoshi kusema kwamba gharama ni kubwa, basi mwananchi avumilie. Umiliki wa Makivik umeleta mambo ya kweli: vijiji vidogo havikutupwa, wanachama hupewa unafuu wa nauli, vijana wa Nunavik husomeshwa urubani kwa mpango maalumu, na sauti inayokukaribisha ndani ya ndege huwa ya Kiinuktitut. Johnny May, Muinuit wa kwanza kuwa rubani katika Aktiki ya mashariki, aliruka miaka mingi kutoka Kuujjuaq katika enzi ambayo karibu kila rubani alikuwa mgeni. Leo mtoto wa kijijini akisema anataka kurusha ndege, hasemi ndoto ya ajabu.

Udhaifu wa jibu hili unaonekana ukitazama hatua iliyofuata. Mwaka 1990 Makivik ilinunua First Air, shirika kubwa zaidi lililohudumia eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Nunavut. Upande wa magharibi, jamii ya Wainuvialuit nayo ilikuwa na shirika la Canadian North. Yakawa mashirika mawili ya wenyeji yanayogombea abiria walewale wachache, ndege mbili zikipaa nusu tupu kuelekea mji wa Iqaluit. Baada ya miaka ya mazungumzo, yaliungana mwaka 2019 chini ya jina la Canadian North. Ofisi ya Ushindani ya Kanada ilikuwa imeonya mapema mwaka huo kwamba muungano ungepunguza ushindani kwa kiasi kikubwa, kwa abiria na kwa mizigo. Serikali kuu iliukubali hata hivyo, kwa masharti kuhusu nauli na ratiba. Mwaka 2023 masharti hayo yakarekebishwa, baada ya kampuni kusema kwamba yanaibana mno. Na mwaka 2025 Canadian North iliuzwa kwa Exchange Income Corporation ya Winnipeg, kampuni ya wanahisa ambayo tayari ilikuwa na mashirika kadhaa ya ndege ya kaskazini, kwa takriban dola milioni 205.

Wapo walioliita tukio hilo usaliti. Siungi mkono neno hilo. Makivik na Wainuvialuit walikuwa wanalinda hazina ya watu wao. Fedha ya fidia ni urithi wa watoto, na shirika la ndege linaloyumba linaweza kuumeza urithi huo katika misimu michache mibaya. Kiongozi anayeulizwa achague kati ya shule, nyumba na injini mpya za ndege hawezi kulaumiwa kwa kutochagua injini. Tatizo limelala chini zaidi. Wainuit walibebeshwa, kwa fedha yao binafsi, kazi ambayo kusini mwa Kanada hufanywa kwa kodi ya wote. Hakuna aliyemwambia mkazi wa Toronto aanzishe kampuni ya kujenga barabara kuu kwa fidia ya shamba la babu yake. Muinuit aliambiwa hivyo, akafanya, akafanya vizuri kwa miongo minne, na alipotua nusu ya mzigo, njia ikageuka mali ya soko. Air Inuit yenyewe imebaki mikononi mwa Makivik, lakini Nunavut, yenye jumuiya 25 zisizo na barabara ya kuingia wala kutoka, sasa inategemea zaidi shirika ambalo wakazi wake hawalimiliki.

Jibu la pili lina sura nzuri zaidi katika vitabu vya hesabu. Norway ilijenga viwanja vidogo vingi katika pwani yake ya kaskazini, vya kwanza vikifunguliwa mwaka 1968, vingi vikiwa na njia za kurukia za mita 800 hivi, na shirika la Widerøe likapewa kazi ya kuvihudumia. Tangu mwaka 1997 serikali hutangaza zabuni: inataja njia, idadi ya safari, viti na nauli ya juu kabisa, na shirika linaloomba fidia ndogo zaidi ndilo hupata mkataba. Mwananchi anajua nini kimeahidiwa na kwa bei gani. Ndege isipokuja, kuna karatasi ya kuishika. Norway imefika hapo kwa gharama ambayo si ya fedha peke yake. Mwaka 1982 ndege ndogo aina ya Twin Otter ilianguka karibu na Mehamn wakafa wote 15 waliokuwemo, na mwaka 1990 nyingine ilianguka ikitoka kisiwa cha Værøy wakafa watano. Uwanja wa Værøy ulifungwa, na kisiwa kikapewa helikopta inayolipiwa na serikali. Huo ndio uzito wa mkataba wa umma: njia ikionekana si salama, haifi, inabadilishiwa chombo.

Alaska imekwenda njia ya tatu. Kuna ruzuku za serikali ya Marekani kwa baadhi ya njia, na kuna utaratibu wa posta unaopeleka vyakula vya dukani vijijini kwa viwango vya vifurushi, lakini mashirika ni ya watu binafsi na huishi au kufa kwa nguvu zao. Aprili 2020, abiria walipopotea kwa sababu ya janga la korona, shirika la Ravn liliegesha ndege zake zote 72 na kuomba ulinzi wa mahakama. Zaidi ya jumuiya 100 ziliamka bila shirika walilolizoea. Wadogo wengine walijitahidi kuziba pengo, na Ravn yenyewe ilirudi ikiwa imepungua chini ya wamiliki wapya, ila mwezi Agosti 2025 ikasimama tena. Kuhusu njia hii sina mengi ya kuongeza. Imejieleza.

Wanaotetea soko watasema ruzuku nazo hupotea, na ni kweli. Kanada yenyewe ina mfano. Hadi Machi 2011 chakula cha kaskazini kilisafirishwa kwa bei nafuu kupitia posta. Aprili mwaka huo ukaanza mpango wa Nutrition North, ambao hupeleka ruzuku kwa wenye maduka na wasambazaji, wao ndio wapunguze bei. Mkaguzi Mkuu wa Kanada aliuchunguza mwaka 2014 akakuta wizara husika haikuwa imethibitisha kwamba ruzuku yote inamfikia mnunuzi. Yaani fedha ilipaa, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha ilitua wapi. Ruzuku inayopitia mlango ambao mwananchi hauoni huishia kubishaniwa badala ya kuliwa. Zabuni ya Norway ina faida hii hasa, kwamba kila anayetaka anaweza kusoma nauli iliyowekwa na kuilinganisha na tiketi aliyonayo mkononi.

Lakini hata mkataba bora hautamaliza jambo, kwa kuwa baadhi ya safari hazikupaswa kuwepo. Kwa miaka mingi wanawake wajawazito wa Nunavik walisafirishwa kusini wiki kadhaa kabla ya kujifungua, wakazalia kati ya watu wasiojua lugha yao, mbali na waume na mama zao. Mwaka 1986 Puvirnituq ilifungua nyumba ya uzazi na kuanza kuwafundisha wanawake wa Kiinuit ukunga. Baadaye Inukjuak na Salluit zikafuata. Wajawazito wengi wa vijiji hivyo sasa wanazalia nyumbani. Hakuna shirika la ndege lililopunguza mateso ya mama mjamzito kuliko nyumba hiyo ya uzazi. Na upande wa pili wa jambo hilohilo, hadi mwaka 2018 ndege ya serikali ya Quebec ya kusafirisha wagonjwa haikuruhusu mzazi kumsindikiza mtoto wake mgonjwa. Mtoto asiyejua Kifaransa alipelekwa peke yake hospitali ya mjini, mzazi akisubiri ndege ya kawaida ya baadaye. Madaktari walipaza sauti hadi utaratibu ukabadilishwa. Kilichokosekana hapo hakikuwa mafuta wala marubani. Kilikosekana kiti kimoja, na mtu wa kaskazini kwenye meza ambako sheria ya kiti hicho iliandikwa.

Hapo ndipo ninapoona majibu haya yanakutana. Umiliki wa wenyeji uliwapa Wainuit wa Nunavik sauti, ila haukuwapa mfuko wa kutosha. Mkataba wa serikali huleta mfuko, lakini unaweza kuandikwa na watu ambao hawajawahi kukwama siku nne uwanjani kwa ukungu. Soko peke yake halileti kimoja wala kingine. Kanada ina mashirika yenye ujuzi usiopatikana kwingine, ina wenyeji waliokwisha kuthibitisha wanaweza kuendesha ndege, na ina bajeti inayojenga barabara kuu za kusini kila mwaka bila mtu kuuliza zinaleta faida gani.

Serikali ya Ottawa inapaswa kusaini, kwa kila kijiji kisicho na barabara, mkataba wa huduma ulio wazi: safari ngapi kwa wiki, nauli ya juu kiasi gani, bei ya kilo ya chakula, na nini kinatokea shirika likishindwa. Mkataba huo uandikwe pamoja na wawakilishi wa vijiji vyenyewe, wakiwa na kura, na shirika la wenyeji liwe na nafasi ya kwanza ya kuutekeleza likiutaka. Canadian North imeshauzwa, na masharti ya mwaka 2019 hayakuandikwa yadumu milele. Mkataba huo usainiwe kabla hayajakwisha.